KIWANJA CHA SHULE KISIGEUZWE SHAMBA

Wengi wetu tunaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wengine tumesimuliwa na wazazi wetu. Mwaka ule watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusoma. Walisikiliza redio. Walisoma vitabu. Walijadiliana. Kisha walitoka nje wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakasafisha visima. Hawakungoja mtu atoke mjini aje kuwafanyia.

Mwezi huu tusome habari nyingine ya afya. Inahusu watoto wetu walio katika shule za sekondari. Tunawapeleka shule ili wapate elimu. Hilo ni jambo jema. Lakini elimu hukaa kichwani, na kichwa hubebwa na mwili. Mwili ukiwa dhaifu, kichwa nacho huchoka.

Je, mtoto anayekaa darasani tangu asubuhi mpaka jioni anahitaji kucheza? Au mchezo ni kupoteza wakati? Tuchukue mfano wa kijiji kimoja. Hatutakipa jina. Kinaweza kuwa kijiji chako au changu.

MKUTANO WA KWANZA

Kijiji hicho kina shule ya sekondari ya kata. Shule ina wanafunzi 300. Mbele ya madarasa kuna kiwanja kikubwa. Urefu wake ni meta 100. Upana wake ni meta 60. Majani yameota. Magoli yameanguka. Ng'ombe hupita hapo wakienda kunywa maji.

Siku moja wanakijiji walikutana kuzungumza juu ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Wanafunzi wengi walikuwa wanashinda na njaa. Mzee mmoja mwenye duka alisimama. Alisema:

"Mwenyekiti, mimi nina watoto wawili katika shule hiyo. Naona njaa yao. Lakini pale mbele ya shule kuna ardhi nzuri imelala bure. Tuilime mahindi. Watoto wale. Watoto hawakupelekwa shule kupiga mpira. Walipelekwa kusoma."

Watu wengi walipiga makofi. Mwalimu mkuu alijaribu kusema, lakini sauti yake haikusikika. Mwenyekiti alisema uamuzi ungetolewa katika mkutano utakaofuata, baada ya wiki 3.

Ndugu msomaji, usimcheke mzee huyu. Alikuwa anawatakia watoto mema. Njaa ni jambo la kweli. Lakini kabla ya kukata shauri, inafaa tujue kiwanja kile kina kazi gani.

MWILI UNAFANYA NINI MTOTO ANAPOKIMBIA?

Weka mkono wako kifuani upande wa kushoto. Utasikia moyo unapiga. Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kama ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu kwenda mwili mzima. Mtu akikimbia, moyo hupiga haraka zaidi. Ukizoezwa hivyo mara kwa mara, moyo hupata nguvu kama mkono wa mkulima unavyopata nguvu kwa kushika jembe. Moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa kila pigo moja. Hauchoki upesi.

Mapafu nayo huzoea kuvuta hewa nyingi. Misuli huongezeka nguvu. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari iliyomo katika damu na kuitumia. Kwa hiyo mazoezi husaidia kuzuia ugonjwa wa kisukari wa ukubwani.

Mifupa je? Watu wengi hudhani mfupa ni kama ukuni mkavu. Siyo kweli. Mfupa ni kitu hai. Mtoto anaporuka na kukimbia, mifupa yake hujijenga na kuwa imara. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hupatikana wakati wa utoto na ujana, kabla mtu hajavuka sana miaka 20. Mifupa inayojengwa sasa ndiyo atakayoitegemea uzeeni. Ni kama akiba ghalani. Huwezi kuweka akiba wakati wa kiangazi.

Tena mazoezi husaidia akili. Mwanafunzi aliyecheza hulala usingizi mzuri. Akiamka huweza kusikiliza darasani. Kijana mwenye huzuni au wasiwasi wa mitihani hupata nafuu akikimbia na kucheza na wenzake. Kwa hiyo mchezo siyo adui wa masomo.

MUDA GANI UNATOSHA?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya juu ya jambo hili. Linasema watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Katika wiki, angalau siku 3 wafanye mazoezi ya nguvu zaidi na yale ya kujenga misuli na mifupa. Mazoezi hayo ni kama kukimbia mbio, kuruka kamba, kuvuta kamba na kupanda.

Dakika 60 si lazima ziende mfululizo. Tuzigawe hivi:

Asubuhi, mchakamchaka dakika 20.
Wakati wa mapumziko, kuruka kamba au rede dakika 10.
Jioni, mpira au riadha dakika 30.

Jumla ni dakika 60. Dawa hii haiuzwi dukani. Mtoto wa maskini anaweza kuipata sawa na mtoto wa tajiri.

Utajuaje kama mazoezi yanatosha nguvu? Kuna kipimo rahisi. Mwambie mtoto aseme na aimbe huku anafanya mazoezi. Akiweza kuimba wimbo mzima bila taabu, mazoezi ni mepesi mno. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, mazoezi ni ya kiasi kizuri. Akiweza kusema maneno machache tu kisha anahema, hayo ni mazoezi ya nguvu.

Je, vijana wa leo wanafikia dakika hizo? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa. Habari za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146 zilikusanywa. Ilionekana kwamba mwaka 2016, katika kila vijana 100 wa miaka 11 mpaka 17, vijana 81 hawakufanya mazoezi ya kutosha. Kwa wavulana walikuwa 78 katika kila 100. Kwa wasichana walikuwa 85 katika kila 100. Maana yake wasichana wamebaki nyuma zaidi.

"LAKINI WATOTO WETU WANABEBA NDOO!"

Mama mmoja katika kijiji chetu cha mfano aliposikia habari hizi alicheka. Alisema, "Hayo ni mambo ya watoto wa mjini. Binti yangu anaamka saa 11 alfajiri. Anachota maji. Anatembea kilometa 4 kwenda shule na 4 kurudi. Mazoezi gani tena?"

Mama huyu ana haki kusema hivyo. Kutembea upesi ni mazoezi. Kulima ni mazoezi. Kuchota maji na kutwanga ni mazoezi. Mtoto anayetembea kilometa 8 kwa siku amekwisha pata dakika zake 60 na zaidi. Mtoto huyo asiongezewe mbio mpaka aanguke. Anahitaji chakula, maji na mapumziko. Tena anahitaji mchezo wa kumfurahisha, maana furaha nayo ni sehemu ya afya. Ndoo ya maji haimfundishi mtoto kupanga mbinu na wenzake, kushinda bila majivuno na kushindwa bila ugomvi. Mpira hufundisha hayo.

Lakini tuangalie vizuri nyumba zetu. Watoto wote hawaishi namna moja. Yuko mwanafunzi wa bweni ambaye hatembei mbali na kitanda chake na dawati lake. Yuko anayepelekwa shule kwa bodaboda na kurudishwa kwa bodaboda. Yuko ambaye jioni anakaa na simu mpaka usiku. Maisha ya vijijini yanabadilika. Miguu inafanya kazi kidogo kuliko zamani.

Yule mzee mwenye duka alikuwa na watoto wa namna zote mbili. Mwanawe wa kidato cha 3 alikwenda shule kwa bodaboda. Akirudi alilala kitandani na simu. Binti yake wa kidato cha 2 alitembea kwa miguu, kisha akachota maji, akapika, akaosha vyombo. Binti alikuwa amechaguliwa katika timu ya mpira wa pete. Baba yake alikataa. Alimwambia, "Ukibaki kucheza, nani atachota maji?"

MZEE ANAPIMWA PRESHA

Wiki moja baada ya mkutano, mzee aliumwa kichwa siku 3. Alikwenda zahanati. Nesi alimpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kinanisumbua."

Nesi alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi. Alipima mara ya kwanza. Alimwambia apumzike. Akapima tena. Kipimo kilisema 160 kwa 100.

"Mzee, presha yako iko juu. Tukipima mtu siku mbalimbali, tukaona inafika 140 kwa 90 au zaidi, tunasema ana shinikizo la damu. Itabidi urudi tupime tena. Niambie, siku yako unaishindaje?"

Mzee alieleza. Zamani alilima ekari 4 kwa jembe la mkono. Sasa analimiwa kwa trekta. Yeye hukaa dukani tangu asubuhi mpaka usiku. Akitaka kwenda mjini hupanda bodaboda. Hutia chumvi nyingi katika chakula.

Nesi akasema, "Mzee, zamani jembe lilikuwa linakulinda bila wewe kujua. Umeliacha, na hukuweka kitu kingine mahali pake. Tembea kila siku nusu saa kwa mwendo wa upesi. Punguza chumvi. Dawa nikikupa, usiiache bila kuniuliza. Na watoto wako je, wanacheza?"

"Mmoja anapenda mpira wa pete. Nimemkataza."

"Na mwingine?"

Mzee alinyamaza. Alimwona mwanawe kwa macho ya moyo, amelala na simu. Akaona kama anajitazama mwenyewe dukani.

Nesi alisema kwa upole, "Mzee wangu, shinikizo la damu na kisukari huonekana ukubwani, lakini tabia zinazoyaleta magonjwa hayo huanza utotoni. Mtoto akizoea kukaa, atakuwa mtu mzima wa kukaa. Akizoea kukimbia, atapenda kutumia mwili wake mpaka uzeeni."

WASICHANA WACHEZE PIA

Kuna maneno mengi yanayowazuia wasichana kucheza. Tuyapime moja moja.

Wengine husema msichana akikimbia na kuruka ataharibu kizazi. Siyo kweli. Mazoezi ya kawaida hayaharibu kizazi. Yanampa mwili wenye nguvu.

Wengine husema msichana akiwa katika siku zake asicheze kabisa. Siyo kweli. Akijisikia vizuri anaweza kucheza. Wasichana wengi hupata nafuu ya maumivu ya tumbo wakifanya mazoezi mepesi. Akijisikia vibaya, apumzike. Mwalimu asimlazimishe. Lakini shule iwe na maji, na choo chenye mlango unaofungwa. Msichana asiye na taulo ya hedhi wala mahali pa kujisafisha hawezi kucheza kwa raha.

Wengine huogopa binti atarudi gizani. Hofu hii ni ya kweli. Dawa yake ni kupanga saa vizuri, siyo kumkataza. Michezo iishe mapema, saa 11 jioni watoto wawe njiani. Wanaokaa upande mmoja warudi pamoja. Mwalimu wa kike awe kiwanjani wasichana wanapocheza.

Jambo la mwisho ni kazi za nyumbani. Mara nyingi mvulana hucheza kwa sababu dada yake anachota maji. Hapo hakuna haki. Kama kazi za nyumba zikigawanywa, watoto wote wawili watapata nafasi ya kucheza na nafasi ya kusoma.

CHAKULA, MAJI NA MAGONJWA

Mazoezi bila chakula ni kama kuendesha trekta bila mafuta. Mtoto mwenye njaa asikimbizwe. Ndiyo maana chakula cha mchana shuleni ni muhimu. Uji wa asubuhi, makande au ugali na maharage mchana, na mboga za majani, hujenga mwili. Maharage, mboga za majani, dagaa na nyama husaidia kuongeza damu. Wasichana waliobalehe huhitaji zaidi vyakula hivyo, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi.

Maji nayo ni lazima. Kila darasa liwe na ndoo ya maji safi yenye kifuniko. Wanafunzi wanywe kabla ya mchezo, katikati na baada ya mchezo. Jua likiwa kali sana mchana, wasikimbie. Asubuhi na jioni ndiyo saa nzuri.

Mwanafunzi akichoka upesi kuliko wenzake, usiseme haraka kwamba ni mvivu. Huenda ana malaria. Huenda ana minyoo, kichocho au upungufu wa damu. Apelekwe zahanati apimwe. Walio karibu na ziwa au mabwawa wakumbuke kwamba kichocho hupatikana majini. Kuogelea ni zoezi zuri, lakini si katika maji yenye kichocho, wala si mahali penye mamba.

Mtoto mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu asiachwe nje ya michezo bila kuuliza. Mzazi amwambie mwalimu. Mwalimu na mzazi wamuulize mganga mazoezi gani yanamfaa. Mwenye selimundu hasa anywe maji mengi, apumzike mara kwa mara, wala asilazimishwe kushindana.

Na mtoto mwenye ulemavu naye ana haki ya kucheza. Mwaka 2022 timu yetu ya Taifa ya watu wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilikwenda Uturuki kucheza Kombe la Dunia. Wachezaji wake hukimbilia magongo na kupiga mpira kwa mguu mmoja. Basi nani aseme mtoto wake hawezi?

MAZOEZI SIYO ADHABU

Hapa tunasema na walimu. Katika shule nyingine mwanafunzi akichelewa huambiwa aruke kichura. Akisahau daftari huambiwa akimbie kuzunguka kiwanja mara 10. Mtoto huyo atajifunza nini? Atajifunza kwamba kukimbia ni mateso. Akimaliza shule hatakimbia tena maisha yake yote. Tena kuruka kichura kwa muda mrefu huumiza magoti.

Mazoezi yawe furaha. Kabla ya mbio, watoto watembee na kunyoosha viungo kwa dakika 5. Asiyejua kupiga mpira apewe kamba. Asiyependa kamba acheze ngoma. Ngoma ya kijiji ikichezwa kwa nguvu nusu saa hutoa jasho kama mpira. Anayeshika nafasi ya mwisho naye apigiwe makofi.

Tukumbuke Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, alianguka katika mbio za marathoni na kuumia goti. Hakuacha. Alimaliza akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alikuwa wa mwisho, lakini dunia inamkumbuka mpaka leo. Mwaka 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya meta 1500 mjini Christchurch. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo. Alimpita mwenzake kwa sekunde 0.03 tu. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo ya dunia ya riadha.

Watoto wetu wote hawatakuwa Simbu. Si lazima. Lakini wote wanaweza kuwa na moyo wenye nguvu.

HESABU YA USIKU

Turudi kwa yule mzee. Usiku mmoja alimwita binti yake. Mzee alijifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, katika darasa la kisomo. Alipenda kuhakikisha hesabu kwa mkono wake.

"Mwanangu, lete daftari. Kiwanja chenu kikilimwa, kitawalisha siku ngapi?"

Binti aliandika. Meta 100 mara meta 60 ni meta za mraba 6,000. Hiyo ni karibu ekari 1 na nusu. Mwaka wa mvua nzuri ekari 1 ya kijiji chao hutoa magunia 10 ya mahindi. Kwa hiyo kiwanja kingetoa magunia 15. Gunia moja ni kilo 100. Jumla ni kilo 1,500.

"Mnakula kiasi gani?"

"Baba, tuseme kila mwanafunzi robo kilo kwa siku. Tuko 300. Ni kilo 75 kila siku."

Mzee alichukua kalamu. Akagawanya mwenyewe, polepole. Kilo 1,500 kwa 75. Akapata 20.

"Siku 20 tu?"

"Ndiyo, baba. Siku 20."

Mzee alirudia hesabu mara ya pili. Jibu lilikuwa lile lile. Kiwanja cha miaka yote kingeliwa kwa siku 20. Akafikiri. Kijiji chao kina kaya 200. Je, kila kaya ikitoa debe moja la mahindi baada ya mavuno? Madebe 6 ni gunia 1. Madebe 200 ni magunia 33 na kitu. Ni kilo 3,300 hivi. Akagawanya tena kwa 75. Akapata 44.

"Debe moja kwa kila nyumba linawalisha siku 44," alisema. "Na kiwanja kinabaki."

Binti alicheka. Kisha baba akamwita yule kaka. Alimwambia, "Kuanzia kesho utakwenda shule kwa baiskeli yangu. Jioni utafunga madumu ya maji nyuma ya baiskeli. Siku za Jumanne na Alhamisi dada yako atabaki kwenye mpira wa pete. Jumatatu na Jumatano utabaki wewe, naye atachota."

Kijana alikunja uso. Lakini alijibu, "Sawa, baba."

MKUTANO WA PILI

Siku ya mkutano ilipofika, mzee alisimama tena. Watu walidhani atazungumza kama mwanzo. Alisema:

"Ndugu zangu, wiki 3 zilizopita nilisema kiwanja kilimwe. Nilisema kabla ya kuhesabu. Sasa nimehesabu." Akasoma katika daftari hesabu zake, moja baada ya nyingine. Akaeleza pia alivyopimwa presha.

Watu walibishana sana. Mama mmoja mjane alisema debe zima ni zito kwake. Mkutano ulikubali kwamba asiye na uwezo atoe kidogo au asaidie kupika. Mwingine alisema kiwanja kikubwa hakitunziki. Mwalimu mkuu akaeleza kwamba si lazima kuanza na kiwanja kizima. Mpira wa pete unahitaji eneo la meta 30 na nusu kwa meta 15 na robo tu, na nguzo 2 zenye urefu wa meta 3 hivi. Mpira wa wavu unahitaji meta 18 kwa 9.

Walikata shauri. Kiwanja kibaki. Kila kaya itoe mahindi kwa kadiri ya uwezo wake. Jumamosi watu waje na majembe na mafyekeo. Jumamosi ile walifyeka majani, wakaokota mawe na vigae, wakafukia mashimo, wakasimamisha magoli ya miti. Vijana walitengeneza mipira ya makaratasi na kamba wakati wanangoja mipira ya kununua. Mzee alikuja kwa miguu. Hakupanda bodaboda.

NASI TUFANYE NINI?

1. Tulinde viwanja vya shule. Visilimwe, visijengwe nyumba, visiuzwe.

2. Tuhakikishe kila mtoto anapata dakika 60 za kutumia mwili kila siku. Tuhesabu na mwendo wa shule na kazi za shamba.

3. Tugawe kazi za nyumbani sawa kati ya wavulana na wasichana.

4. Tuchangie chakula cha mchana. Tuweke maji safi shuleni.

5. Walimu wasitumie mbio kuwa adhabu. Kipindi cha michezo kisichukuliwe na somo jingine.

6. Mtoto anayechoka ovyo apelekwe zahanati.

7. Sisi watu wazima nasi tutembee. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Mtoto huiga anayoyaona.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kaeni katika kikundi chenu, msome habari hii tena, kisha mjibu:

1. Shule yetu ina kiwanja? Kina urefu na upana gani? Nendeni mkapime kwa hatua.

2. Katika nyumba yako nani anachota maji? Nani anacheza?

3. Kijiji chetu kina kaya ngapi? Kila kaya ikitoa debe moja, wanafunzi watakula siku ngapi? Pigeni hesabu wenyewe.

4. Ni michezo gani ya zamani tuliyocheza sisi, ambayo watoto wetu hawaijui? Nani yuko tayari kuwafundisha?

Mkimaliza kujibu, msiishie hapo. Chagueni Jumamosi moja. Chukueni majembe na mafyekeo, mwende kiwanjani.